Mkataba Ukivunjwa, Malalamiko Hayatoshi



Ahadi ni deni, lakini wengi wanaolidai deni hilo hawajui sheria inawapa nini. Wapo wadhanio kwamba makubaliano yasiyoandikwa si mkataba. Wapo pia wadhanio kwamba kazi ya mahakama ni kumwadhibu aliyevunja ahadi. Yote mawili si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoanza kutumika mwaka 1961, huyatambua hata makubaliano ya mdomo, isipokuwa pale sheria nyingine inapodai maandishi, kama katika uuzaji wa ardhi. Na shabaha yake si kumkomoa mvunjaji, bali ni kumweka aliyeumizwa mahali ambapo angalikuwa kama ahadi ingalitimizwa.

Uchukuliwe mfano wa kamati ya shule inayoagiza madawati 60 kwa fundi seremala, kila moja kwa shilingi 50,000. Fundi anapokea malipo ya awali ya shilingi 1,000,000, kisha siku ya ahadi inapita bila dawati hata moja. Kamati inanunua kwingine kwa bei ya soko, shilingi 60,000. Dai lake halali ni kurudishiwa malipo ya awali, pamoja na tofauti ya bei ambayo ni shilingi 600,000. Jumla shilingi 1,600,000.

Hata hivyo, kifungu cha 73 kinaweka mipaka. Kwanza, hasara idaiwayo iwe imetokana na uvunjaji wenyewe kwa njia ya kawaida, au iwe ile ambayo pande zote mbili ziliifahamu tangu siku ya kupatana. Kanuni hii ina asili yake katika kesi ya Hadley na Baxendale, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1854. Mhimili wa mashine ulicheleweshwa njiani na kinu kikasimama; lakini ikaamuliwa kwamba faida aliyoikosa mwenye kinu haikupaswa kuhesabiwa, kwa kuwa msafirishaji hakuelezwa jambo hilo. Basi, mwenye haja maalumu aitaje mapema.

Pili, aliyeumizwa hana ruhusa ya kukaa akiitazama hasara ikikua. Kamati ikizembea mwaka mzima hadi dawati lifikie shilingi 80,000, nyongeza hiyo ni mzigo wake yenyewe. Tatu, hata mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, kifungu cha 74 hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho.

Fidia si dawa pekee. Pale fedha isipotosha, kama kwa kiwanja kisicho na mfano wake, mahakama yaweza kuamuru ahadi itimizwe. Yaweza pia kutoa zuio. Lakini madawati yapatikanayo sokoni fedha huyatosha, wala fundi halazimishwi kushika randa.

Hapana budi kukumbuka kwamba Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 hutoa miaka 6 tu ya kufungua dai la mkataba. Kwa hiyo mtumishi aliyekabidhiwa fedha za umma hana budi kuandika tarehe ya kukabidhiwa kazi, kutunza stakabadhi, na kumpa mvunjaji taarifa kwa barua mara tu siku ipitapo. Mali bila daftari huisha bila habari. Na haki bila ushahidi hupotea vivyo hivyo.