Kufura kwa Ubongo Kando ya Meninjioma na Hatima ya Mgonjwa Baada ya Upasuaji



Meninjioma, uvimbe uotao katika tando zinazoufunika ubongo, na ambao Harvey Cushing, mpasuaji wa Marekani, aliupa jina hilo mwaka 1922, aghalabu si saratani. Hukua taratibu kwa miaka mingi, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kwa desturi tumezoea kuuhukumu kwa ukubwa wake. Rai yangu ni kwamba lipo jambo lipasalo kutazamwa kabla ya ukubwa, nalo ni kufura kwa ubongo ulio kando yake.

Kufura huko hakulingani daima na ukubwa, maana twaona katika picha za MRI uvimbe mdogo uliozungukwa na maji mengi, na mwingine mkubwa usio na maji hata kidogo. Sababu ni kwamba baadhi ya uvimbe hutoa kemikali zinazochochea mishipa ya damu kuota na kuvuja, na kufura huzidi hasa pale ambapo uvimbe, badala ya kulishwa na mishipa ya utando mgumu peke yake, umejipatia damu kutoka katika mishipa ya ubongo wenyewe. Hapo ndipo ilipo taabu ya mpasuaji: ule mpaka laini ambao angeufuata kwa utulivu huwa umefutika, uvimbe na gamba la ubongo vimeshikamana, na mkono ukivuta kidogo tu, mgonjwa huamka hana nguvu upande mmoja au hawezi kunena.

Mwaka 1957 mpasuaji Donald Simpson alipanga daraja tano za uondoaji wa meninjioma, akadhihirisha kwamba kadiri mabaki yanavyozidi ndivyo uvimbe unavyorejea kwa wingi. Na kipimo hicho, chenye manufaa makubwa, kimewatia wapasuaji wengi hamu ya kuondoa kila chembe. Mimi naona kwamba, mpaka ukiisha kupotea, au vena kubwa ikiwa imekumbatiwa, ni hekima zaidi kuacha utando mwembamba wa uvimbe na kuufuatilia kwa picha, kuliko kumrudisha nyumbani mama aliyepooza.

Tangu 1961 deksamethasoni imetumika kupunguza kufura kwa ubongo kando ya uvimbe, hata kabla ya fuvu kufunguliwa. Lakini dawa hiyo hupandisha sukari, na wagonjwa wetu wengi hawajui kama wana kisukari mpaka siku wanapopewa dawa hiyo.

Kwa hiyo naomba, kwa taadhima, kila mgonjwa ambaye picha yake yaonyesha kufura aanzishiwe dawa siku kadhaa kabla ya upasuaji, sukari yake ipimwe, na jamaa zake waelezwe bayana, kabla ya kutia saini ya idhini, kwamba udhaifu waweza kuzidi siku za mwanzo, kwamba kifafa chaweza kutokea, na kwamba ubongo waweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, kabla haujanywea.