Ghala Limejaa, Bakuli la Mtoto Je?

Maneno ya Afisa Lishe kwa wakazi wa kata katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji

 Tuzungumze habari ya watoto wetu walio chini ya mwaka mmoja.

Mkoa wetu wa Iringa ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa. Kila msimu malori hupanda huku kuchukua mahindi, maharage na viazi. Lakini Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nchini kote watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na hapa Iringa idadi hiyo ni takribani 57. Njombe na Rukwa, wakulima wenzetu, ni karibu nusu ya watoto. Basi tatizo letu si njaa. Chakula tunacho, ila hakimfikii mtoto.

Kudumaa si ufupi wa ukoo. Ni mwili na ubongo kukosa mahitaji yake wakati ule ule unapojengwa. Huanza tangu mimba, huongezeka mno baada ya mwezi wa sita, na mtoto akishavuka miaka miwili ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Hivi karibuni niliingia katika nyumba moja nikakuta magunia ya mahindi yamepangwa hadi karibu na dari, na kuku wakidonoa uani. Mtoto wa nyumba hiyo alikuwa na miezi tisa, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa haujapanda kwa miezi mitatu. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri. Mtoto alilelewa na dada yake wa miaka minane, aliyeachiwa chupa ya uji mwepesi kama chai. Mayai yalikuwa yakikusanywa kwa ajili ya gulio. Hapakuwa na mtu mbaya katika nyumba ile. Kila mmoja aliamini kuwa mtoto ameshiba, maana tumbo lilikuwa limejaa.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye kosa. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua takribani robo lita tu kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja. Tukikijaza kikombe hicho kwa maji yaliyopakwa rangi ya unga, hapabaki nafasi ya chakula. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Uongezwe mafuta kidogo, maziwa yaliyochemshwa, au karanga zilizokaangwa na kusagwa laini.

Na uji peke yake hautoshi. Akiba ya madini ya chuma anayozaliwa nayo mtoto hupungua sana afikapo miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuijaza. Kwa hiyo apewe yai, maini au nyama iliyosagwa, dagaa waliosafishwa na kutwangwa, maharage yaliyopondwa, mboga za majani, boga, parachichi na matunda mengine. Vyote hivi vinapatikana katika kata hii. Aanze na vijiko viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Afikapo miezi tisa ale mara tatu au nne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Chai asipewe, kwa kuwa huzuia mwili kupokea madini ya chuma. Asali nayo isubiri mpaka atimize mwaka.

Naomba niseme neno kuhusu unga tuuitao wa lishe, unaochanganywa nafaka tano au sita pamoja na karanga na soya mbichi. Wingi wa nafaka hauongezi ubora, kwa sababu nafaka zote hufanya kazi moja. Soya isiyopikwa vizuri humsumbua mtoto tumboni, na karanga au mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu. Tusisahau kwamba mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa sumu hiyo. Chagueni nafaka moja safi, iliyokauka vizuri, kisha ongezeni vyakula vingine wakati wa kupika.

Kabla ya miezi sita, shauri ni fupi. Mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo ni kinga yake. Kisha apewe maziwa ya mama pekee, bila maji, bila uji, bila dawa za mchango za kienyeji. Bibi zangu, najua husemwa kuwa mtoto wa kiume hashibi maziwa. Hushiba, iwapo ananyonya kila anapohitaji, usiku na mchana. Mama aendaye shambani aende na mtoto, au akamue maziwa kwa mikono safi katika kikombe chenye mfuniko, na mlezi amnyweshe kwa kikombe. Mama anayeishi na VVU naye anyonyeshe vivyo hivyo, asikose dawa zake hata siku moja, na afuate ushauri wa kliniki.

Kina baba, haya hayamhusu mama peke yake. Anayeamua yai liuzwe au lipikwe mara nyingi ni ninyi. Anayeweza kumpunguzia mama mzigo wa kuni na jembe ni ninyi.

Kwa upande wa huduma, mleteni mtoto kliniki kila mwezi apimwe uzito na urefu, na mwulize muuguzi awaeleze maana ya mstari ule. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita, kuanzia mtoto afikapo miezi sita. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii yupo kijijini kwenu, mwiteni. Tena chini ya mkataba wa lishe uliosainiwa mwaka 2017, kila halmashauri ilitakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ulizeni katika mkutano wa kijiji fedha hizo zimefanya nini. Ni haki yenu.

Katika nyumba ile niliyoitaja, tulikubaliana jambo moja tu: kabla ya mayai kwenda gulioni, la mtoto litolewe kwanza. Mwezi uliofuata mstari wa kadi ulianza kupanda. Naziomba kaya zote za kata hii zianze na hilo.