Kazi ya Mikono na Serikali za Kaunti
Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na wazee wa mitaa wakati wa Jubilii



Tumeagizwa kusema nanyi juu ya vyuo vya ufundi vilivyo chini ya Serikali za kaunti, na juu ya wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi mkononi mwa fundi. Twajua ya kuwa wengine wameguna waliposikia jambo hili limo katika mambo ya leo. Siku ya Jubilii watu hutazamia kusikia habari za watangulizi wetu na za kanisa la kwanza la makuti. Hayo wenzetu wamekwisha kuyasema asubuhi, tena vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Sisi tumepewa habari za msumeno na timazi, nazo si mbali sana na zile.

Maana katika nchi hii kazi ya mikono na kitabu vilifundishwa pamoja. Huko Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mji uliowekwa mwaka wa 1875 kwa watu waliookolewa utumwani, walikuwapo waliojifunza kusoma na waliojifunza useremala, na mara nyingi walikuwa ni watu wale wale. Wamisionari wa Kiskoti waliofika Kibwezi mwaka wa 1891, kisha wakahamia Kikuyu mwaka wa 1898, walitia neno la viwanda katika jina la misheni yao. Na Wakweka waliojenga Kaimosi mwaka wa 1902 walifanya vivyo hivyo. Mwaka wa 1924 Serikali ya wakoloni ikafungua chuo chake cha ufundi huko Kabete, nacho kipo hata leo, kikiwa chuo kikubwa cha taifa.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Ufundi haukuja katika pwani hii ndani ya sanduku la Mzungu. Lamu walikuwako waunda majahazi na wachonga milango zamani sana, na kijana alikaa kwa fundi wake miaka mingi, akianza kwa kufagia vumbi la mbao na kuchota maji, mpaka siku alipopewa patasi. Neno mwanagenzi ni letu, hatukuazimwa. Wala tusiseme kwamba nia za watawala zilikuwa njema sikuzote. Wakoloni walitaka mafundi wa mshahara mdogo, na wazazi wetu waliliona hilo. Walisema, Mbona mtoto wangu afundishwa kupiga randa, na mtoto wa Bwana afundishwa kutoa amri? Shaka yao ilikuwa ya haki. Shida ni kwamba watawala wale wamekwisha kwenda zao na shaka imebaki, hata leo mzazi akiambiwa mtoto wake aende chuo cha ufundi, yeye husikia kama ameambiwa, Mtoto wako ameshindwa.

Mwaka wa 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza swali jepesi: Baada ya shule, nini? Uhuru ulikuwa umepatikana, shule za msingi zilijaa, na kila mwaka maelfu ya watoto walimaliza masomo wasipate nafasi katika shule za juu wala kazi mjini. Kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Yafaa tukumbuke jinsi vilivyokusudiwa, maana mengi yamesahauliwa. Chuo kiwe kidogo, kiwe karibu na nyumbani, kisiwe na gharama kubwa, na kifundishe kazi ile ambayo watu wa mahali pale wataweza kuilipia. Washonaji wakiwa wengi kijijini, darasa la ushonaji lifungwe kwa muda, na lifunguliwe la uashi au la kufuga nyuki. Haya hayakuwa mawazo ya watu wa anasa. Katika miaka ya 1970 Serikali ikaanza kuvisaidia, vikaongezeka sana, na kadiri vilivyoongezeka vikawa vyafanana vyote, kila mahali useremala kwa wavulana na cherehani kwa wasichana, kijiji kiwe kinataka au hakitaki.

Sasa tufike kwenye sheria, nasi tutakwenda upesi. Kuna Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya mwaka wa 1959, iliyoweka taratibu za mikataba ya wanagenzi na kodi ya mafunzo kwa wenye viwanda. Kwa muda mrefu kodi hiyo ilikuwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Hiyo yasimamiwa na Serikali ya taifa. Kisha ikaja Katiba ya mwaka wa 2010. Katika Jedwali lake la Nne, mambo yaliyopewa kaunti yameandikwa moja moja, na katika fungu moja vimewekwa elimu ya watoto wadogo, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani, na malezi ya watoto. Kaunti zote 47 zilianza kazi mwaka wa 2013. Vyuo vikubwa vya ufundi vimebaki kwa Serikali ya taifa, bali vile vidogo, vilivyotokana na lile swali la makanisa, ni mali ya Gavana na Bunge la Kaunti.

Twaona ya kuwa hili lilikuwa jambo jema. Mtu akaaye Nairobi hawezi kujua kwamba Kilifi kuna nazi na korosho zinazoharibika kwa kukosa mashine, wala kwamba Tana River kijana anayejua kutengeneza pampu ya maji hatakosa kazi. Kaunti yaweza kujua. Lakini kujua si kutenda. Kaunti hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka hazina ya taifa, ambayo Katiba yaamuru isipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa, na fedha hizo hugombewa na hospitali, barabara, maji, na mishahara. Chuo cha ufundi hakina sauti katika ugomvi huo. Tena, katika chache ipatazo, mara nyingi hujengwa nyumba, wala hazinunuliwi zana. Sababu yake haifichiki: nyumba huwekwa jiwe lenye jina la mkubwa aliyeifungua, na patasi haina mahali pa kuandikia jina. Tumepata kuingia katika karakana mpya, sakafu yang'aa, madirisha ya vioo, na ndani yake vijana ishirini wakipokezana randa moja.

Na sisi tuna kosa katika jambo hili. Kaunti yapaswa kwa sheria kuwasikiliza watu kabla ya kupitisha makadirio yake, ambayo mwaka wake huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya kuandika mpango wake wa miaka mitano. Mikutano huitishwa. Tumehudhuria mingi. Watu husimama kuomba barabara, zahanati, na kisima, nao wana haki. Hatujapata kumsikia mtu mmoja, wala mwalimu wala mzee wa kanisa, akisimama kuomba msumeno wa umeme au mshahara wa mkufunzi wa uashi.

Tutawasimulia jambo letu wenyewe. Katika miaka ya 1980 sisi wachache tulikuwa tukisimamia karakana ya mtaa wetu. Tulikuwa na meza sita za useremala, cherehani nne, na mwashi mzee aliyefundisha kwa saa mbili kila alasiri. Siku moja alikuja msichana wa miaka kumi na saba, mwana wa mjane, akasema ataka kujifunza uashi. Tulicheka. Hatukucheka kwa ubaya, lakini tulicheka, na mmoja wetu akamwonyesha mahali pa cherehani. Akasema, Nyumba yetu imeanguka, nami siwezi kuishona. Basi tulimwambia nafasi ya uashi imejaa, na haikuwa imejaa.

Akaenda zake mjini, akafanya kibarua katika majengo, akibeba zege kichwani. Akajifunza kwa kutazama. Miaka mingi ikapita, naye alikuwa ajenga ukuta ulionyoka kuliko mafundi waliomwajiri, akilipwa ujira wa mbeba maji. Hata siku moja akarudi kwetu, mwanamke mzima mwenye watoto, akatuomba jambo moja tu: barua ya kusema kwamba alipata kuwa mwanafunzi wetu, maana kila mahali aliulizwa, Cheti chako ki wapi? Hatukuweza kumwandikia. Hakuwa mwanafunzi wetu, maana sisi ndio tuliomfukuza. Hilo tulilitafakari sana usiku ule, wala hatutaki mtufariji.

Mtu aliyemsaidia ni mkufunzi kijana wa chuo cha kaunti, aliyejua yale tuliyopaswa kuyajua sisi. Alimweleza ya kuwa kuna mtihani wa ufundi wa Serikali, wenye daraja la 3, la 2, na la 1, na mtu aweza kuufanya hata akiwa amejifunza kazini bila kuingia shule yo yote. Mtihani hauulizi ulisoma wapi. Wakupa matofali, chokaa, na saa, kisha mtahini huja na pimamaji. Yule mama akafundishwa katika chuo cha kaunti muda mfupi, ili ajue kusoma ramani ya nyumba, maana hilo tu lilimpungukia, akafanya mtihani wa daraja la 3, akafaulu. Siku hizi Serikali imeweka pia mpango wa kuutambua ujuzi wa mtu alioupata kazini, na siasa ya jambo hilo ilitangazwa mwaka wa 2024. Walimu, tafadhalini ulizeni habari zake katika chuo kilicho karibu nanyi, mkawaeleze watu. Katika kila mtaa wetu wapo mafundi wa jua kali ambao mikono yao yajua kila kitu na mifuko yao haina karatasi hata moja.

Mtatuuliza, Je, Serikali ya mahali yaweza kweli kuongoza jambo hili? Tazameni Uswisi, nchi ndogo isiyo na dhahabu wala mafuta, yenye kantoni 26. Huko vijana walio wengi, baada ya shule ya lazima, huingia uanagenzi. Siku tatu au nne za juma kijana hufanya kazi kwa fundi au katika kampuni, na siku moja au mbili huenda shule. Kantoni ndiyo iangaliayo mkataba wake, ndiyo impayo bwana ruhusa ya kuchukua wanagenzi, na ndiyo iwezayo kumnyang'anya ruhusa hiyo akimtumia kijana kama punda. Twalitaja hili kwa sababu moja tu. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya Serikali ni kujenga chuo, nao Waswisi wameona kwamba chuo ni nusu ndogo. Nusu kubwa ni fundi, na kazi ya Serikali ni kusimama kati ya fundi na kijana, na kalamu mkononi.

Kwetu mafundi tunao. Kalamu ndiyo ipungukayo. Kijana huingia kwa fundi kwa maneno ya mdomo. Hakuna ajuaye atakaa miaka mingapi, atafundishwa nini, wala ataanza kulipwa lini. Fundi naye hulalamika, tena kwa haki, ya kuwa akimfundisha kijana kwa mwaka mmoja na kumharibia mbao zake, kijana humkimbia akaenda kushindana naye ng'ambo ya barabara. Wote wawili wadhulumiwa kwa kukosa karatasi moja.

Basi kamati yetu imezungumza na wasimamizi wa chuo cha kaunti, nao wamekubali neno hili. Fundi yeyote wa mitaa yetu atakayechukua mwanagenzi, mvulana au msichana, chuo kitamwandika kijana huyo katika daftari lake. Ataingia darasani siku mbili kwa juma, kwa hesabu, michoro, na usalama wa kazi, na siku zilizobaki atakuwa kwa fundi. Mkataba utaandikwa, nao utataja miaka, kazi zitakazofundishwa, na chakula cha mchana. Fundi atatia sahihi, mzazi atatia sahihi, na mkuu wa chuo atatia sahihi. Mwisho wake kijana atapelekwa kwenye mtihani wa daraja la 3. Karo ya chuo hatujaipata yote. Tumeiomba kaunti itoe sehemu katika fedha za kusaidia masomo, na jibu halijaja. Mwakilishi wa wadi ametuambia tufike wenyewe kwenye mkutano wa makadirio, nasi twataka tufike watu wengi, si watatu kama mwaka jana.

Zana ni shida yetu kubwa. Ile karakana yetu ya zamani bado ina meza nne nzima, na jiliwa moja la chuma lisilo na kasoro. Wazee wa mtaa walitaka kuziuza ili kupata fedha za sherehe hii. Twawaomba wasiziuze.

Daftari la mafundi liko mezani pale mlangoni, karibu na sanduku la sadaka. Mpaka asubuhi ya leo lilikuwa na majina saba: maseremala watatu, fundi wa magari mmoja, mshonaji mmoja, mchomelea vyuma mmoja, na mwashi mmoja. Mwashi huyo ni yule mama. Ameandika kwa mkono wake ya kuwa atachukua wanagenzi wawili, na ya kuwa mmoja lazima awe msichana.

Aliye na kalamu, amwazime na mwenziwe.