Hema Kando ya Ziwa

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watasema halimo katika kazi ya kanisa, nalo ni kupiga kambi. Mikutano ya injili yenye vipaza sauti tuiache kando kwa leo. Twasema juu ya kambi ndogo ya mahema machache, sufuria mbili na moto wa kuni, karibu na ziwa, kwa siku tatu za kupumzika na kutazama.

Parishi yetu huwapeleka vijana katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru wakati wa likizo ya Agosti, na kila mara maneno hutangulia safari. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwaminifu sana, husimama katika baraza na kuuliza, "Mabati hayajatosha, nanyi mwataka pesa za kutembea?" Na mama mmoja wa Umoja wa Mama hutungojea mlangoni baada ya ibada. "Kasisi," asema, "ni kweli mtoto wangu atalala na simba?" Maswali yote mawili ni ya haki.

Tuanze na la mama, maana ndilo jepesi. Simba wako, mama. Nyati wako, na vifaru weusi na weupe pia wako. Hifadhi ile ina kilomita mraba 188, nayo imezungushiwa ua pande zote, lakini ua huwazuia wanyama wasitoke kwenda mashambani. Mwenye kupiga kambi yuko ndani pamoja nao. Kwa hiyo tuna sheria zetu, na hazibadiliki kwa mtoto wa mtu yeyote. Hakuna atokaye hemani usiku peke yake, hata kwenda msalani. Humwamsha kiongozi, na tochi humulika pande zote kwanza. Chakula hakilali hemani. Zipu hufungwa mpaka chini. Mchana msumbufu mkubwa ni nyani, ambaye hahitaji zaidi ya dakika moja ya uzembe. Tumemwona mmoja ameketi juu ya gari akila mkate wa kambi nzima, ametulia kama mgeni wa heshima. Na kelele hazitakiwi kabisa. Sheria hii ya mwisho ndiyo ngumu kwetu watu wa kanisa, ambao tumezoea kudhani kwamba Mungu husikia vizuri zaidi kwa kipaza sauti.

Swali la mzee ni zito zaidi. Fungueni Walawi sura ya 23, mtaona kwamba Waisraeli waliamriwa kukaa katika vibanda siku saba kila mwaka. Angalieni wakati wenyewe: ni baada ya mavuno, ghala zimejaa, na kila mtu ana nyumba yake. Ndipo mtu huyo aliyeshiba aambiwa atoke, akalale chini ya matawi pamoja na watoto wake, ili watoto wajue baba zao walivyokaa walipotolewa Misri. Mungu hakuona kwamba siku hizo saba zimeibiwa kutoka kwa kazi. Katika Marko sura ya 6 Bwana Yesu naye awachukua mitume wake kando, mahali pasipo watu, kwa sababu walikuwa wamezungukwa hata hawakupata nafasi ya kula. Walikwenda kwa mashua, ziwani.

Sasa tulitazame ziwa lenyewe. Mahali pale palifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na sifa yake kubwa ilikuwa heroe, ndege wale wekundu waliolizunguka ziwa kama ukanda. Ziwa Nakuru lapokea mito, Njoro na Makalia na Nderit, lakini halina mto wa kutokea. Maji huondoka kwa kukauka juani tu, na chumvi ya magadi hubaki. Katika magadi hayo huota mimea midogo isiyoonekana kwa macho ila kama rangi ya kijani majini, na hiyo ndiyo chakula cha heroe na ndiyo iwapayo wekundu wao. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote, watu wakaona vumbi jeupe likipeperuka mahali pa maji.

Wazee wengi walisema basi, limekwisha. Kumbe tangu mwaka 2010 hivi maji yakaanza kupanda, yakapanda mwaka baada ya mwaka. Lango kuu la zamani likafunikwa, pamoja na ofisi na barabara zilizopita ufukweni. Ikabidi lango jingine lifunguliwe mahali pa juu. Migunga ile ya manjano, ambayo chini yake watu walikuwa wakila chakula cha mchana, ikafia majini ikiwa imesimama. Maji yalipozidi, magadi yakawa mepesi, chakula cha heroe kikapungua, nao wengi wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Wakaja ndege wala samaki badala yao. Vijana wetu huuliza mbona picha za vitabu vya shule hazifanani na wanayoyaona. Twawaambia vitabu havikusema uongo. Ziwa ndilo lililosogea.

Tena halikujali ua wa hifadhi. Hapo ndipo kambi yetu ilipopata maneno ambayo hatukuyapanga katika ratiba. Jioni moja tumeketi motoni, githeri inachemka, kijana mmoja akasema, "Kasisi, sisi tukiona maji yanakuja tutakunja hema twende. Na wale je?" Alikuwa na maana ya watu wa mitaa iliyo kando ya ua, ambao maji yaliwaingilia nyumbani. Mwingine ana shangazi yake Kihoto, Naivasha, mahali ambapo mwaka 2020 ziwa jingine liliingia nyumbani kwa watu. Akatueleza jinsi shangazi alivyobeba godoro kichwani kupita katika maji, akiwaogopa viboko, na jinsi mwenye nyumba alivyoendelea kudai kodi. Githeri iliungua kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Mkirudi katika Marko mtaona mapumziko yale ya mitume yaliishaje. Waliposhuka mashuani, umati ulikuwa umekwisha kufika kwa miguu, una njaa. Wanafunzi walitaka watu waambiwe waende zao wakajinunulie chakula. Twadhani walisema hivyo kwa uchovu tu, kama sisi sote tusemavyo Jumapili jioni mtu anapobisha hodi. Bwana hakuwakemea kwa kutaka kupumzika. Aliwauliza wana mikate mingapi.

Tulipotoka kambini, vijana walihesabu mahema, yakawa manane, na mawili zipu zimeharibika. Waliandika barua kwa baraza kwa mkono wao wenyewe, wakiomba mahema hayo yasifungiwe chumbani mpaka Agosti nyingine, bali yawekwe tayari kwa jamaa yoyote ya parishi au ya jirani itakayofukuzwa na maji. Mzee wetu wa mabati aliisoma barua mara mbili. Akauliza zipu moja ni shilingi ngapi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewasha moto wa makaa ufukweni na kuwaita rafiki zako waje kula, uwalinde askari wa wanyamapori walio porini usiku wa leo. Uwakumbuke wanaolala hemani kwa kuwa hawana nyumba tena, Nakuru, Naivasha na Baringo. Uwape kodi ya mwezi huu, na mahali pakavu. Amina.