MAZUNGUMZO: HIARI YA MAMA KATIKA KUTULIZA UCHUNGU WA UZAZI



Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi mwenye uchungu ndiye anayestahiki kuulizwa kwanza namna anavyotaka kusaidiwa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya kumhudumia mama wakati wa kujifungua. Kwa mama mwenye afya njema anayeomba nafuu, miongozo hiyo inapendekeza pia njia zisizo za dawa: kuvuta pumzi kwa utaratibu, kulegeza misuli, kusikiliza muziki, kukandwa mgongo na kuwekewa kitambaa chenye uvuguvugu. Aidha, inapendekeza awe na mwenzake amtakaye, akiwa mumewe, mamaye au somo wake. Na asiye na hatari ahimizwe kutembea na kukaa wima.

Njia hizi zina maelezo ya kitaalamu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa katika uti wa mgongo mna mfano wa lango, na kwamba mguso huweza kupunguza taarifa za maumivu zinazopanda kwenye ubongo.

Hata hivyo, miongozo inaziambatanisha njia hizi na matakwa ya mama mwenyewe. Yuko apendaye kukandwa, na yuko asiyetaka kuguswa. Aliyestahamili asubuhi anaweza kuomba dawa adhuhuri. Huo si udhaifu, wala asikemewe. Kadhalika, kukanda kusifanywe kisingizio cha kumnyima dawa mwenye kuihitaji pale inapopatikana.

Kwa hiyo, mhudumu anapaswa kueleza, kuuliza na kusubiri jibu. Nanyi akina baba na wazee wa nyumbani, msimjibie mama. Yazungumzwe haya mapema kliniki, na iulizwe ni nani anaruhusiwa kuingia naye katika chumba cha kuzalia.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kutokwa na damu nyingi, kuumwa sana na kichwa, kuona kiza, homa kali au degedege si mambo ya kutulizwa nyumbani. Mama apelekwe hospitali mara moja.

Kumuuliza mama hakuhitaji fungu la bajeti. Kunahitaji adabu na sikio.