Maji Yalikwenda Wapi? Kumchagulia Mtoto Kitabu Kinachomfaa

Mhadhara wa umma uliotolewa Kabwe, wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa



Juzi nilikaa chini ya mwembe na binti wa darasa la tatu. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamwomba anisomee kitabu alichokuwa nacho. Alisoma vizuri sana, kidole kikifuata mstari, bila kukwama hata mara moja. Hadithi ilihusu watoto wa pwani: maji yalipokupwa, walitoka kwenda kuokota kombe. Alipomaliza nikamwambia, "Haya, mjukuu wangu, nisimulie." Akanitazama, akalitazama ziwa, kisha akauliza, "Babu, maji yalikwenda wapi?"

Mtoto huyu amezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika. Ameyaona maji yakipanda miaka ya karibuni hadi kumeza ufuko. Hajawahi kuyaona yakiondoka na kurudi siku hiyo hiyo. Silabi zote alizijua, ila hadithi ilimpita.

Nimeanza na binti huyu kwa sababu wengi wetu tunampima msomaji kwa sikio. Mtoto akisoma bila kigugumizi, tunasema kitabu kinamfaa. Kwa Kiswahili kipimo hicho kinatudanganya. Maandishi yetu yanafuata sauti: aliyeshika ba, be, bi, bo, bu, akapita kwenye ng'o na gha, anaweza kukutamkia ukurasa wa gazeti, hata hotuba ya bajeti, asiambulie kitu. Mtoto wa Uingereza hukwama mdomoni, na mkubwa aliye karibu naye akasikia. Wetu hukwama moyoni, kimyakimya.

Ndiyo maana siishabikii sana ile kanuni ya vidole vitano inayofundishwa kwingi. Mtoto hufungua ukurasa wowote, akakunja kidole kwa kila neno lililomshinda; vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu kimemzidi. Inakaribiana na hesabu ya Mmarekani Emmett Betts, ya mwaka 1946, kwamba anayesoma kwa msaada wa mwalimu ayamudu maneno 95 katika 100, na anayesoma peke yake ayamudu 99. Hesabu hiyo ilifanywa kwa Kiingereza. Kwetu neno moja, "hatukumwona", limebeba watendaji, wakati, ukanushi na mtendwa. Maneno mia ya Kiswahili ni mzigo mwingine kabisa.

Kipimo ninachokiamini ni kile nilichompa yule binti: nisimulie. Msomeshe kurasa mbili, funga kitabu, msikilize. Akikupa nani alifanya nini na kwa nini, kwa maneno yake mwenyewe, mwachie kitabu. Akikurudishia sentensi za kitabu kama kasuku, au akikupa majina tu, msomee wewe, au mtafutie kingine. Na asimulie kwa lugha anayoota nayo. Kama nyumbani ni Kifipa, mwache asimulie kwa Kifipa, maana unapima kuelewa.

Kipimo hiki kitakuonyesha jambo ambalo maandishi ya jaladani hayakwambii. Kitabu kilichoandikwa "Darasa la Tatu" kinaweza kumshinda mtoto wa la tano, na makala ngumu ikamfaa wa la tatu kwa sababu anakijua kinachosemwa. Mpe mtoto wa Kabwe habari za Liemba: meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina hilo tunalolijua. Maneno yatakuwa mazito, lakini atayapanda kama anavyopanda ngazi ya meli, maana Liemba ameisikia kwa babu yake.

Tangu mtaala wa mwaka 2015 uyape madarasa ya kwanza na ya pili kazi kubwa ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), watoto wengi zaidi wanapewa nafasi ya kujua kutamka maandishi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia vitabu vya hadithi vya Kiswahili kuchapishwa na kufika shuleni. Bado havitoshi, na safari kutoka Sumbawanga hadi hapa kupitia Namanyere ni ndefu. Lakini hata penye vitabu kumi pana kuchagua. Tafadhali, mtoto wa darasa la tano akishika kitabu cha la pili, asichekwe. Anayekirudia kitabu chepesi mara ya nne anajenga mwendo.

Mtaniuliza muda mtaupata wapi. Ninyi mnaofuata dagaa kwa taa mnajua: mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki, na baba yuko nyumbani. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, alikuwepo miezi mitatu. Asiyejua kusoma naye anaweza kusema "nisimulie".

Yule binti nilimjibu hivi: "Mwezi unaomlaza baba yako nyumbani ndio unaoyavuta maji ya bahari. Yanajivuta nyuma, mchanga unabaki wazi, baadaye yanarudi." Akanyamaza. Akafungua kitabu tena ukurasa wa kwanza, akasoma polepole kuliko mwanzo, na alipofika "yalipokupwa" akainua kidole, akaangalia juu kutafuta mwezi mchana ule.