Breki ya Mkono Inapokataa Asubuhi ya Kipupwe

Maelezo yaliyotolewa kwa wamiliki na madereva wa magari, Ipogolo, Iringa

 

Jambo lililotuleta ni dogo ukilitazama kwa mbali: ile breki ya mkono, ambayo wengi wetu tunaiita hendibreki, hufungwa jioni na asubuhi ikakataa kuachia. Kipupwe kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, mwenye gari hulaumu baridi, fundi naye hulaumu baridi, na malipo hufanyika kwa jina la baridi. Sisi tumekuja kusema kwamba mara nyingi baridi husingiziwa, na kwamba anayegharimika kwa usingizio huo ni mlaji.

Maji huganda yanapofika nyuzi 0 za Selsiasi. Kule Kitulo, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na katika baadhi ya maeneo ya Makete, Njombe na Mufindi, sakitu huanguka, nayo majani ya viazi huamka yameungua. Gari lililolala huko likiwa na maji ndani ya breki laweza kweli kushikwa na barafu. Lakini Ipogolo iko bondeni, karibu na Ruaha Mdogo, chini ya mji wa Iringa wenyewe. Baridi ya hapa inauma, ila si rahisi kufikia kugandisha maji. Basi gari lililolala Ipogolo likaamka gurudumu limeshikwa, tusikimbilie kutafuta barafu. Tutafute maji na kutu.

Katika magari madogo mengi, mkono wa breki huvuta kebo ya chuma inayopita chini ya gari hadi magurudumu ya nyuma. Kebo hiyo hutembea ndani ya mrija uliofunikwa kwa mpira au plastiki. Mwishoni huvuta breki shuu, vile vipande vilivyopinda ambavyo hujitanua na kubana dramu kwa ndani. Ganda la mrija likipasuka, maji na vumbi huingia na kebo huota kutu. Ukivuta mkono, nguvu yako inatosha kuikaza kebo. Ukiachia, kazi ya kuirudisha huachiwa springi, ambazo ni dhaifu kuliko mkono wako. Hapo ndipo kebo inapobaki imevutwa ingawa mkono umeshuka. Baridi huongeza tu ugumu wa grisi iliyozeeka. Ugonjwa wenyewe ulikuwapo tangu masika.

Kuna na sababu ya pili, nayo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Gari huoshwa jioni, maji huingia ndani ya dramu, mwenye gari huliegesha papo hapo na kuvuta breki kwa nguvu. Usiku kucha breki shuu zenye unyevu hukaa zimegandamana na chuma, kutu jepesi hujijenga kati yao, na asubuhi gurudumu limenata. Dawa yake haina gharama: baada ya kuosha gari au kuvuka maji, endesha polepole mwendo mfupi huku ukikanyaga breki ya mguu mara kadhaa, ili joto la msuguano likaushe. Kisha ndipo uegeshe.

Tuwasimulie habari ya mama mmoja mfanyabiashara wa viazi, ambaye hatutamtaja jina. Gari lake lilishikwa gurudumu alipolala Makete. Fundi wa kwanza alimwambia kebo imekufa, akamuuzia aliyoiita mpya. Wiki mbili baadaye gari lilishikwa tena, safari hii hapa bondeni pasipo sakitu. Fundi wa pili alimshauri aache kabisa kutumia breki ya mkono, atie jiwe chini ya gurudumu. Mama akatii. Siku moja, kwenye mteremko wa kutoka mjini kuja huku, jiwe likateleza na gari likaondoka peke yake mpaka lilipozuiwa na ukingo wa mtaro. Watoto waliokuwa wakicheza pale walikuwa wamesogea dukani dakika chache kabla. Fundi wa tatu alipolifungua gari, alikuta kebo iliyouzwa kwa bei ya mpya imetolewa kwenye gari jingine, na ganda lake limepasuka. Mama hakuwa na risiti, wala hakuwa na kebo yake ya zamani. Tulipomuuliza alilipa kiasi gani, alikumbuka vizuri. Tulipomuuliza ataonyesha nini, alinyamaza.

Ushauri wa jiwe hatuukubali hata kidogo. Breki ya mkono si pambo, hasa katika mji uliojengwa juu ya mlima. Palipo na mteremko, vuta breki, weka gia, na geuza magurudumu ya mbele ili gari likiponyoka lielekee ukingoni, lisielekee barabarani. Kama unakwenda kulala mahali penye sakitu, tafuta uwanja tambarare. Hapo waweza kuacha breki ya mkono bila kuivuta, ukaweka gia ya kwanza au ya kurudi nyuma, au P kwa gari la otomatiki, na ukaweka kabari imara mbele na nyuma ya gurudumu. Kabari ni kipande cha mbao kilichochongwa mshazari, na seremala yeyote atakutengenezea. Jiwe la mviringo si kabari.

Na ikiwa asubuhi imeshakukuta gurudumu limeshikwa? Kwanza, usiwe na haraka. Washa injini ukiwa umekanyaga breki ya mguu. Vuta mkono wa breki juu kidogo kuliko ulipokuwa, kisha ushushe. Rudia mara kadhaa. Jaribu kusogea mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Mara nyingi utasikia mlio wa kukatika kitu, na gurudumu litaachia: ni ile kutu nyembamba imevunjika. Likikataa, subiri jua au mwite fundi. Usimwage maji ya moto. Kwenye baridi kali yataingia ndani na kuganda upya, na hapa bondeni yataongeza unyevu uleule uliokuletea tatizo. Na usikubali mtu apulizie mafuta ya kulainisha ndani ya dramu. Gurudumu litaachia, ndiyo, lakini breki iliyolowa mafuta haishiki.

Likishaachia, kazi haijaisha. Endesha kilomita moja hivi, simama mahali salama, shuka ulitazame kila gurudumu. Usiliguse. Ukisikia harufu ya kuungua, au joto likikupiga usoni kutoka gurudumu moja tu, breki bado inaburuta. Tunalisisitiza hili kwa sababu ya barabara yetu. Anayetoka Ipogolo kuelekea Dar es Salaam atapita Ilula kisha atashuka Kitonga. Breki iliyoburuta tangu asubuhi itafika kwenye mteremko ule ikiwa tayari imechemka, na mafuta ya breki yakichemka, kanyagio la mguu huzama pasipo gari kupungua mwendo. Kitonga si mahali pa kujifunzia jambo hilo.

Ndugu zetu wa malori, ambao mnajaza kituo hiki kila usiku, breki yenu ya kuegesha ni ya upepo: springi ndiyo inayobana na upepo ndio unaofungua. Kwenu maji hujikusanya ndani ya matangi ya upepo. Yafungulieni na kuyamwaga kila siku, hasa kabla ya kulala Makambako au Mafinga.

Sasa turudi kwa mlaji na fedha zake. Kabla fundi hajabadilisha chochote, mwombe akuonyeshe. Mkono wa breki ukishuka, je, kile kijiti cha nyuma ya gurudumu kinachovutwa na kebo kinarudi mahali pake? Kama hakirudi hata kebo ikilegezwa, tatizo liko ndani ya dramu. Kama kinarudi kebo ikishatolewa, tatizo ni kebo. Jaribio hilo ni la dakika chache na huokoa ununuzi wa kifaa usichokihitaji. Fundi mzuri hachukizwi na swali hilo, na Ipogolo ina mafundi wazuri wengi, tunawafahamu.

Anayenunua gari lililotumika kutoka Japani alilaze chali macho yake, yaani ainame atazame chini ya gari. Sehemu za kaskazini mwa nchi ile barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula kebo na mabomba ya breki kabla gari halijapanda meli. Rangi inayong'aa juu haielezi chochote kuhusu chini.

Kifaa kilichotumika kuuzwa kwa jina la kipya ni udanganyifu, na sheria iko upande wako. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyouziwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Anza kwa aliyekuuzia. Akikataa, lipeleke lalamiko Tume ya Ushindani, ambayo wengi mnaijua kwa herufi FCC. Kuhusu ubora wa spea, Shirika la Viwango, TBS, nalo litakusikiliza. Nenda na risiti ya mashine ya EFD iliyoandikwa jina la kifaa, si neno "spea" peke yake. Nenda na makadirio ya fundi yaliyoandikwa, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, yenye tarehe na sahihi. Na kile kifaa kilichotolewa kwenye gari lako ni mali yako: kiombe, kifunge kwenye mfuko, kiweke kwenye buti hadi kipupwe kipite.